Siku Niliyomliza Mgeni Rasmi

Kijijini kwetu kila mtu anajulikana kwa kitu chake. Kuna anayejulikana kwa ng'ombe wake, kuna anayejulikana kwa watoto wake waliosoma, na kuna mmoja anajulikana kwa sababu alikaa juu ya mti tangu asubuhi mpaka jioni akimwogopa nyati ambaye kumbe alikuwa dume la ng'ombe la jirani. Mimi najulikana kwa sababu nililia kwenye kipaza sauti, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, na nilipomaliza kulia mwenyewe nikamliza na mgeni rasmi. Sijivunii. Ila nimeona niisimulie mwenyewe, maana hadithi anayoitoa rafiki yangu Chacha pale kijiwe cha bodaboda imeongezwa chumvi mpaka sasa ina tembo aliyezimia, na siku ile hakuna tembo aliyezimia. Mengine yote, kwa masikitiko, ni kweli.

Ili uielewe aibu yangu, ujue kwanza kwamba kwetu mwanaume akishatahiriwa halii. Siku ya jando unasimama wima, kisu kinafanya kazi yake, watu wanakuangalia usoni, na ukikunja hata nyusi moja habari inafika kisimani kabla damu haijakauka, na shangazi zako watachota maji huku wakisemwa mwaka mzima. Mimi siku yangu nilisimama kama nguzo ya umeme (nilikuwa nataja kimoyomoyo majina ya swala wote ninaowajua, nilipofika kwa pofu ikawa imekwisha), mama akapiga vigelegele mpaka akakaukiwa sauti. Kwa hiyo nilikuwa na heshima yangu, ndogo lakini yangu, na nilikuwa nimeitunza miaka kadhaa. Niliipoteza kwa ajili ya kitambaa cha mkononi.

Naitwa Wambura. Nakaa na mama katika kijiji kimoja mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Robanda, pale ambapo shamba likiisha hifadhi inaanza na hakuna ukuta wala waya wa kuwaambia wanyama kwamba sasa mmefika kwa watu. Nimesoma mpaka kidato cha nne kule Issenye, matokeo tuyaache yapumzike. Ndoto yangu ni kuwa muongoza watalii, na hata vifaa nimeshaanza kukusanya: nina kitabu cha ndege kisicho na jalada, na nina darubini niliyopewa na dereva mmoja wa kambi nilikokuwa naosha magari, ambayo upande wa kushoto haioni kabisa, kwa hiyo ukiitumia unafumba jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. Chacha, ambaye ni Mkurya wa Kemambo aliyehamia kwetu na pikipiki yake na mdomo wake, huwa ananiita Bwana Jicho Moja. Nimemzoea.

Sasa karibu na kwetu kuna njia ya tembo. Inashuka kutoka hifadhini, inapita kwenye migunga, inavuka korongo lenye maji na kupanda upande wa pili. Shamba la mama lipo kando yake, umbali wa mtu kuitwa akaitika. Miaka yote tembo wamepita na njia yao na sisi tumelima mtama wetu, siyo kwamba tulipendana sana, ila kila mmoja alijua mlango wa mwenzake. Lakini siku hizi wageni wamekuwa wengi, magari yanafuatana barabarani mpaka vumbi halipati nafasi ya kutua, na kila kampuni inataka mahema yake yakae pale ambapo mgeni anakunywa chai yake huku tembo anakunywa maji yake. Siwalaumu wageni, hata mimi ningependa kunywa chai hivyo. Shida ni kwamba tembo akikuta hema kwenye njia yake hageuzi kurudi alikotoka. Anazunguka. Kambi moja ilipojengwa kule juu wakazunguka kidogo, na mwaka huo huo wakaingia kwa mama. Nilimkuta asubuhi amekaa katikati ya shamba akiokota masuke yaliyokanyagwa, moja moja, anayaweka kwenye upande wa khanga yake kama mtu anayeokota shanga. Hakusema neno. Ningependelea angepiga kelele.

Basi mwaka jana ikaja kampuni nyingine, ikapiga vigingi palepale kwenye kivuko cha korongo, vigingi vyenye utepe mwekundu, ikisema kambi yake itakaa hapo. Ardhi ni ya kijiji, kwa hiyo ilikuwa lazima kijiji kikubali, na kabla ya mkutano mkuu ikapangwa siku moja ya mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka mbali, aje aone eneo, asikie wananchi, ale, aondoke. Na mgeni rasmi hawezi kuja bila kusomewa risala. Wakatafuta kijana wa kuisoma, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sauti ya kusikika mpaka ng'ambo (imetokana na kuita ng'ombe), wakanichagua mimi.

Niliiandika risala ile kwa moyo wangu wote. Aya ya tatu ilikuwa ya njia ya tembo. Nikaipeleka kwa mwenyekiti wetu, ambaye hapa nitamwita Mzee Mahemba, jina si lake lakini atajijua. Akavaa miwani, akasoma polepole, akachukua kalamu na kuikata aya ya tatu yote kwa mistari miwili.

"Mwanangu," akasema, "mgeni hapewi mchuzi wenye miba. Tumshukuru, tumwombe zahanati, ale. Hilo la tembo tutalisema siku nyingine."

Nilipomwambia mama, aliendelea kupepeta mtama, hata hakuniangalia. "Siku nyingine ni ipi hiyo, Wambura? Vigingi vimeshapigwa."

Nikamwahidi nitaisema. Wiki nzima nikachunga ng'ombe wetu watatu huku nawasomea aya ya tatu, mpaka nikaijua kama jina langu, na wale ng'ombe nadhani nao waliijua. Zile aya nyingine, za shukrani na zahanati, sikujisumbua kuzikariri, si zipo kwenye karatasi. Lakini nikuambie ukweli wangu: usiku wa kuamkia ile siku nilianza kuogopa, na asubuhi nilikuwa nimeshaamua kimyakimya kwamba nitasoma kile kilichobaki kwenye karatasi, basi. Mama sikumwambia.

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa na kazi nyingine. Sisi vijana tuna kikundi cha pilipili. Tunatwanga pilipili kichaa kavu, tunaichanganya na kinyesi cha ng'ombe au cha tembo mwenyewe, tunafinyanga matofali, tunayaanika juani, na tembo wakisogea mashambani tunachoma tofali moja moja pembezoni, moshi wake unakwenda kuwaambia kwa heshima kwamba hapa msipite. Mgeni rasmi alitakiwa aonyeshwe jinsi tunavyotengeneza, kwa hiyo kulipopambazuka nikawa natwanga. Pilipili tulikuwa tumeinunua mjini Mugumu kwa Bi Zuhura, mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka la viungo, asili ya wazazi wake ni Tanga, na siku ile ananifungia mfuko alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hii si ya mchuzi. Ukimaliza kutwanga, paka mikono mafuta ya kupikia kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni. Na nguo uliyovaa usiiguse usoni." Nikamwitikia vizuri sana. Na mikono nikaipaka mafuta kweli, nikaosha kwa sabuni mara mbili, kwa hilo sina kosa.

Kosa langu lilikuwa kitambaa. Nilikuwa na kitambaa kimoja cheupe cha mkononi, kizuri, kimetariziwa pembeni, na wakati wa kutwanga nilikifunga puani nisipige chafya. Nilipomaliza nikakifungua, nikakikung'uta mara tatu, nikakitazama juani, nikaona cheupe. Na pale ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo ambao mpaka leo nikiufikiria masikio yanapata moto: nikakikunja pembe tatu nikakichomeka mfuko wa shati kifuani, ncha ikitokeza, kwa sababu niliwahi kumwona muongoza watalii mmoja amefanya hivyo na nikaona anapendeza. Hakuna sababu nyingine.

Mgeni rasmi akafika jua likiwa kichwani. Alikuwa baba mnene, mpole, kavaa kaunda suti, anasalimia kila mtu kwa mkono. Pembeni yake alikaa meneja wa kampuni, kijana wa umri wangu, miwani ya jua, viatu ambavyo havijawahi kuona tope. Mbele yao mama zetu waliweka kibuyu cha maziwa cha kumzawadia mgeni. Nyuma wakasimama wenzangu wa rika, Chacha akiwa juu ya pikipiki yake ili aone vizuri. Askari wa wanyamapori wa kijiji alikuwepo na bunduki yake. Nikaitwa.

Nikasimama kwenye kipaza sauti, nikasoma aya ya kwanza vizuri. Ya pili, vizuri. Jua likaniwakia, jasho likaanza kunitiririka kutoka kwenye paji la uso na kuniingia jichoni, na mimi kwa madaha yote ya Mugumu na Arusha nikachomoa kitambaa changu, nikakikung'uta kidogo ili watu wakione, nikajifuta macho. Yote mawili. Nikabonyeza kabisa.

Kwanza haikuwa kitu. Halafu ikawa joto, kama mtu amekupulizia mvuke wa chai. Halafu, jamani, niseme nini, macho yangu yakawaka moto kutoka ndani, machozi yakamwagika kama bomba limepasuka, pua nayo ikajiunga, na nilipoangalia karatasi niliona maziwa matupu. Hakuna herufi. Hakuna hata mstari. Nikafumba, nikafumbua, giza. Nikamsikia Chacha kule nyuma akisema kwa sauti ya chini ambayo kwake ni kelele, "Mura," yaani kijana kwa Kikurya chake, "huyu analia."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kuondoka kwenye kipaza sauti sikuweza, sikujua nielekee wapi. Kusoma sikuweza. Na kichwani mwangu, kati ya maneno yote ya risala ile, kulikuwa na aya moja tu niliyoijua bila kuiona, ile niliyowasomea ng'ombe. Ikatoka yenyewe.

"Ndugu mgeni rasmi," nikasema, na sauti ilikuwa inatetemeka kwa sababu ya pua, "iko njia inayoshuka kutoka hifadhini na kuvuka korongo letu. Hakuna mtu aliyeichora. Babu zetu waliikuta, wakajenga kando yake, na tembo nao wakatuacha tujenge. Hatuwakatai wageni, na hatukatai kambi. Lakini ukiweka hema katikati ya njia ile, tembo hatasoma kibao. Atazunguka, na akizunguka atapita kwetu. Mwaka aliopita kwetu, mama yangu aliokota masuke moja moja. Tunaomba kambi isogezwe juu ya mlima, njia ibaki njia."

Hapo nikavuta pumzi, na ile pumzi ikatoka kama kwikwi. Sikukusudia. Mwanamke mmoja upande wa kulia akasema "Uwii, mtoto wa watu," akaanza kulia naye, wa pili akamjibu, na punde nikasikia upande mzima wa akina mama unavuta makamasi. Mzee Mahemba akakohoa kile kikohozi chake cha kukatisha mkutano. Na mgeni rasmi, baba wa watu, akainuka kwenye kiti chake (nilisikia kiti kikishukuru), akaja mpaka nilipo, akanishika bega.

"Kijana," akasema ndani ya kipaza sauti, "kwetu pia mwanaume halii. Akilia ujue kuna jambo."

Kisha akachukua kitambaa mkononi mwangu, akanifuta machozi kwa upole kama baba anavyomfuta mwanawe. Nikataka kusema usifanye hivyo, ila mdomo ulikuwa umejaa machozi na adabu. Na aliponimaliza mimi, kwa kuwa na yeye maneno yalimgusa, akavua miwani yake akajifuta ya kwake. Vizuri. Macho yote mawili. Akabonyeza.

Nilihesabu kimoyomoyo. Sikufika kwa pofu.

"Mamaa!" akasema mgeni rasmi kwenye kipaza sauti, na spika zikalipeleka neno hilo mpaka ng'ambo ya korongo.

Kilichofuata sikukiona, nilikisikia. Viti vilianguka. Meneja alikimbia kumsaidia, akapewa kitambaa akishike, naye akakinusa ili ajue ni nini, ikawa watatu. Mtu akapiga kelele tuletewe maji, na mama yangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kupaza sauti mbele ya wakubwa, akapaza: "Maji yanaongeza. Leteni maziwa." Akanikalisha chini, akamkalisha mgeni rasmi kando yangu, akatushika vichwa akavilaza nyuma, akachukua kile kibuyu cha zawadi akatumiminia machoni mmoja mmoja, huku akisema, "Fumbua, baba. Fumbua. Usiogope," na sikujua lipi ananiambia mimi na lipi anamwambia mgeni rasmi, sote tulikuwa tunatii.

Na kana kwamba haijatosha, gari moja la watalii lililokuwa linakwenda kwenye geti la hifadhi likasimama barabarani. Wakateremka na kamera zao. Chacha anaapa kwamba dereva, alipoulizwa kinachoendelea, aliwaeleza kwa Kiingereza kwamba hivi ndivyo kabila la hapa linavyowabariki viongozi. Mzungu mmoja akauliza kama na yeye anaweza kumwagiwa.

Nilipoanza kuona ukungu badala ya giza, mgeni rasmi alikuwa ananiuliza, taratibu kabisa, maziwa yakimdondoka kidevuni, "Kijana, kitambaa chako kina nini?"

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipokuwa kimesimama kwa mguu mmoja. Chacha alikuwa ameshafika karibu nami. Akaninong'oneza sikioni, "Mwambie ni vumbi. Mwambie ni dawa ya ng'ombe. Umeshashinda, mura, usiharibu." Na kweli nilikuwa nimeshinda. Watu wote waliamini nimelia kwa ajili ya njia ile. Ningenyamaza tu, ingekwisha hivyo. Lakini nikamwona mama (kama kivuli, ila kivuli cha mama utakijua) ameshika kibuyu kitupu ananitazama, nikaona kwamba neno la kweli likisimama juu ya machozi ya uongo siku moja litateleza lianguke, na likianguka litamwangukia yeye na mtama wake.

"Ni pilipili, mheshimiwa," nikasema. "Nilikuwa natwanga asubuhi. Sikuwa nalia. Nisamehe sana."

Mtu mmoja akacheka, halafu kumi, halafu kijiji. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wale akina mama waliolia ndio walionichekea zaidi, kwa hasira. Na meneja, jicho moja limefumba, kitambaa bado mkononi, akasema, "Mheshimiwa, si unaona? Ni maigizo. Hata hiyo njia yenyewe huenda ni maigizo. Vijana wetu wamepima pale, hawakuona tembo."

Nikajisikia kitu kinapanda kutoka miguuni. Aibu ilikuwa imeshafika mwisho wake, haina tena pa kwenda, na nadhani aibu ikifika mwisho inageuka nguvu.

"Machozi yalikuwa ya pilipili," nikasema, "lakini aya haikuwa ya pilipili. Twende tukaione njia. Sasa hivi."

"Utatupelekaje na hayo macho?" akauliza Mzee Mahemba.

"Mzee, njia ile siijui kwa macho."

Mgeni rasmi alijipangusa kidevu kwa mkono wa kaunda suti yake. Aliniangalia kwa muda, au alijaribu, maana naye hakuwa anaona vizuri. "Haya," akasema. "Tuongoze, kipofu mwenzangu." Wakacheka tena, lakini safari hii waliinuka.

Askari wa wanyamapori akatangulia na bunduki, mimi nikafuata nimeshika ncha ya fimbo na mama kashika ncha nyingine, nyuma yangu mgeni rasmi, nyuma yake kijiji. Niliongoza macho yamefumba, maana nikiyafumbua yalikuwa yanawaka. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kuongoza wageni, na katika ndoto zangu zote sikuwahi kuiota hivyo.

"Hapa ardhi inateremka," nikawaambia, "na iko ngumu kama sakafu, hamtaona nyasi. Ni miguu yao. Mbele kidogo, mkono wa kushoto, mgunga mkubwa. Shikeni gome lake, juu ya kichwa cha mtu, lina tope lililokauka. Hapo wanajikuna wakitoka kwenye maji." Nikasikia watu wanaliparua lile tope. "Ni kweli," sauti ikasema, na ilikuwa ya mgeni rasmi. Nikaendelea. Nikawaonyesha jiwe linaloteleza kwa kusuguliwa, nikawaonyesha mahali ambapo tembo wadogo huwa wanashukia kwa makalio, na nilishaanza kunogewa, hata sauti yangu ilikuwa imeshakuwa ya kitaalamu, nikanyoosha mkono kama nilivyowaona wenyewe wakifanya na kusema, "Na hapa sasa, mabibi na mabwana, ndipo kambi inapotaka kukaa," nikapiga hatua moja ya mbwembwe mbele.

Mguu ukazama mpaka kwenye kifundo.

Hakuna aliyecheka. Nilingoja kicheko, hakikuja. Nikauacha mguu palepale ndani ya kile kinyesi, nikasema kitu pekee nilichokijua, "Bado kina moto."

Askari wa wanyamapori akainama, akagusa kwa mgongo wa mkono wake. "Cha asubuhi hii," akasema. "Tena si cha tembo mmoja." Watu wakaanza kuangalia migunga na kusogeleana. Kisha mama akasema, kwa ile sauti yake ya kawaida ya kupepeta mtama, "Na vigingi je?"

Nikafumbua macho. Vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa. Kimoja kilikuwa kimetupwa ndani ya maji, kingine kimevunjwa kati, na utepe mwekundu ulikuwa unaning'inia juu ya mti mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Meneja alivua miwani yake ya jua akatazama juu kwa muda mrefu, na nadhani hata yeye, kwa yale macho yake mekundu, alikuwa ameshausoma uamuzi wa mkutano wa tembo. Sikumchukia. Akanirudishia kitambaa changu, amekishika kwa vidole viwili.

Mgeni rasmi hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba vigingi visirudishwe mpaka wananchi wenyewe waamue, na kwamba aya iliyokatwa irudishwe kwenye risala kabla hajaipeleka ofisini. Mzee Mahemba akaomba kalamu. Chakula kikaliwa, japokuwa mchuzi wenye pilipili hakuna aliyeugusa.

Mkutano mkuu ukafanyika wiki chache baadaye. Katikati hapo picha zangu zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu zote kuanzia Mugumu mpaka Sirari, na jina la Bwana Jicho Moja lilikufa likazaliwa Pilipili, hata watoto wadogo walikuwa wananiamkia, "Shikamoo kaka Pilipili." Bi Zuhura nilipokwenda dukani kwake alinitazama tu, akanipimia mafuta ya kupikia bila kuniuliza ninataka nini. Hata hivyo nikaomba kuisoma aya ya tatu mimi mwenyewe, safari hii kutoka kwenye karatasi, mikono mitupu, mfuko wa shati mtupu. Nikaisoma mpaka mwisho kwa macho makavu. Kampuni ikasema inaweza kukubali kambi ikae juu mlimani, mbali na kivuko, wageni watawaona tembo kwa darubini. Mwenyekiti akauliza wanaotaka njia ibaki njia wanyooshe mikono.

Mikono ikanyooshwa. Ikaanzia mbele ikaenda nyuma, kama mtama unavyoinuka baada ya mvua, na katikati yao nikauona mkono wa mama, ule ulioshika kibuyu, ulioshika fimbo, ulioinama kuokota masuke, sasa umenyooka juu kabisa na vidole vyote vimefunguliwa. Na hapo, ndugu zangu, bila kitambaa, bila kinu, bila chochote, macho yangu yakajaa yakamwagika. Yale yalikuwa ya kweli. Nikasimama mbele ya rika langu lote, sina pa kujificha.

"Mleteeni maziwa," Chacha akapiga kelele kutoka kwenye pikipiki. "Pilipili ametwanga tena."

Kijiji kikaangua kicheko, na mama akanitazama, akajua, akanyamaza.

"Ndiyo," nikasema kwenye kipaza sauti. "Ni pilipili."

Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili. Kitambaa cha kufungia pua hakitaona mfuko wa kifuani maisha yangu yote, hata wakubwa wote wa dunia wakivaa hivyo. Na neno ambalo mama ananingoja niliseme, sitalisubirisha tena mpaka macho yapofuke ndipo litoke. Kambi ile imeshaanza kujengwa kule juu, nimeshapeleka maombi ya kazi, na kwenye nafasi ya uzoefu nimeandika kwamba nimewahi kuongoza kundi la watu, kijiji kizima na mgeni rasmi, nikiwa nimefumba macho, na hakuna aliyepotea.